Mchagoni na Miguuni

Dismas alipoifungua bandeji mpaka mzunguko wa mwisho bila kusema neno, Warda alijua mambo si mazuri. Muuguzi yule alikuwa na kawaida ya kuzungumza huku akifanya kazi, mara mvua za kwao Rutamba, mara bei ya korosho, mara timu yake inayofungwa kila wiki. Akinyamaza ujue kuna jambo. Warda aliinama kuutazama mguu wa mumewe uliowekwa juu ya kiti, akakiona kidonda pale upande wa ndani wa kifundo kimetanuka tena, kingo zimelowa, na ngozi inayokizunguka imekuwa nyeusi na ngumu.

"Kimekua," akasema Warda.

"Kimekua, mama," Dismas akakiri. "Na mguu umevimba kuliko wiki iliyopita. Mzee, bandeji unaifungua ukifika nyumbani?"

"Sijaigusa," akajibu Ridhiwani.

"Kitanda bado kiko juu ya matofali?"

"Kiko."

"Na unalala hapo usiku kucha?"

"Nalala hapo hapo."

Warda akahisi damu inampanda kichwani. Jamani, walikuwa wamefanya nini kingine kilichobaki? Chumvi amepunguziwa. Kusimama kakatazwa, kasimamishwa hata kazi yake. Kila alasiri anatembezwa mpaka mwisho wa mtaa na kurudishwa kama mtoto anayejifunza dede. Bandeji inafungwa na muuguzi mwenyewe, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Basi hicho kidonda kinataka nini, kiimbiwe?

"Tuambie basi tusichokifanya," akasema kwa sauti iliyowageuza wagonjwa waliokuwa kwenye benchi. "Maana mimi hapa nimechoka kuja kusikia kimekua."

Dismas hakukasirika, alishamzoea. Alisema kidonda cha namna ile kikitunzwa vizuri huwa kinaanza kusinyaa, taratibu lakini kinasinyaa, na hiki kinakwenda kinyume wala haelewi kwa nini. Kikija tena wiki ijayo kimeongezeka, atawapa rufaa kwenda hospitali kubwa, waganga wa huko waitazame mishipa yenyewe. Ridhiwani alikuwa anatazama ukutani. Neno rufaa kwake lilikuwa na maana moja tu, mguu utabaki huko na yeye atarudi na magongo, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye fikra hiyo.

Sasa, ili ujue kwa nini Warda alikuwa na hasira kiasi hicho, ni lazima umjue Ridhiwani. Alikuwa kinyozi, kibanda chake nyuma ya soko la Lindi, na tangu ujana wake alikuwa mtu wa kusimama nyuma ya kiti kimoja kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama. Miaka mingi nyuma Warda aliona mshipa umejitokeza kwenye shavu la mguu wake, wa buluu, umepinda na kuvimbavimba. Akamuuliza huo nini. Ridhiwani akautazama kama vile wa jirani. "Huo wa siku nyingi," akasema.

Wa siku nyingi. Ukaongezeka mwingine, halafu mwingine. Wateja wakawa wanamtania kwamba miguu yake ni ramani ya mito ya Tanzania. Jioni akirudi miguu imejaa hata viatu vinang'ang'ania, usiku inamwasha anajikuna kwa kitana. Warda akimwambia nenda hospitali wakutazame, jibu lilikuwa lile lile kila mara, "Kesho nina vichwa vya watu." Akaenda na vichwa vya watu mpaka ngozi ya kifundo ikabadilika rangi, ikawa kama imepakwa masizi. Siku moja akajigonga kidogo tu kwenye mguu wa kile kiti chake cha kunyolea, mchubuko ambao mtu mwingine angeusahau kabla ya adhuhuri. Wake haukufunga tena.

Hapo ndipo kila mtu alipojifanya mganga. Akakandwa kwa maji ya moto, mguu ukazidi kujaa. Wifi yake Warda, Kadija, dada wa Ridhiwani, akaja na mtu wa chale kutoka Mingoyo, mzee mwenye kimkoba na wembe mdogo, kasema damu chafu imeganda miguuni na dawa ni kuitoa. Warda alipomwona anaupapasa mshipa ule mkubwa kutafuta pa kukata, alimnyang'anya ule wembe mkononi. Kadija alinuna kutwa nzima, akasema mke wa kaka yake hana adabu kwa wageni. Dismas aliposikia habari hiyo baadaye alishika kichwa. Alisema mshipa ule ukikatwa, damu inayomwagika pale si ya mchezo, na wapo waliokwishapelekwa hospitali mbio mbio kwa sababu hiyo.

Dismas ndiye aliyewaeleza wakaelewa, au walidhani wameelewa. Damu kushuka miguuni ni rahisi, alisema, kazi ni kupanda kurudi moyoni. Ndani ya mishipa kuna vilango vidogo, damu ikishapita vinafunga isirudi chini. Mtu akisimama miaka na miaka, au akiwa amerithi udhaifu huo kwao, vilango vinalegea, damu inateremka na kutuama, mshipa unatanuka, na ngozi ya chini inadhoofika mpaka kidonda kikitokea hakina nguvu ya kupona. Ukitembea, shavu la mguu linaikamua damu kwenda juu. Ukisimama kama mlingoti halikamui kitu. Kwa hiyo abanwe bandeji, atembee, asisimame mahali pamoja, na akilala miguu iwe juu kuliko moyo.

Warda alizishika amri hizo kama askari. La udhu lilitatuliwa mapema, sheikh wa mtaa alimweleza Ridhiwani namna ya kutawadha na bandeji yake na kupangusa juu, asiifungue, na Ridhiwani akatulia. La kulala alilitatua Warda mwenyewe. Aliokota matofali kwenye uzio uliobomoka wa jirani, kwa ruhusa, akayaweka chini ya kitanda upande wa miguuni, kitanda kikainama kuelekea mchagoni, upande wa kichwa. Dismas aliposimuliwa alimsifu sana.

Lakini kulikuwa na jambo moja hapo katikati, na hilo ni la furaha. Binti yao Maimuna, aliyeolewa kijijini Sudi, alikuja kuzalia kwao. Alikwishaharibikiwa na mimba hapo nyuma, na safari hii Mungu alimjalia mtoto wa kiume, mzima, mwenye nywele tele. Mzazi akapewa chumba kikubwa na mama yake analala naye mpaka arobaini, ndivyo inavyofanywa. Ridhiwani akahamishiwa chumba kidogo cha uani, kile alimofia marehemu baba yake. Chumba chenyewe kitanda kinaingia kwa namna moja tu, mchago ukutani na miguu mlangoni, la sivyo mlango haufunguki. Warda ndiye aliyekisukuma pale na kuyapanga matofali yake upande wa mlangoni, kisha akarudi kwa mjukuu.

Na mjukuu huyo ndiye aliyekuwa akimtoa Ridhiwani jasho. Katika nyumba ile nywele za mtoto hunyolewa siku ya arobaini, na tangu Ridhiwani ashike wembe hakuna mtoto wa ukoo aliyeguswa kichwa na kinyozi mwingine. Watoto wa Kadija wote kawanyoa yeye, wajukuu wa watu kawanyoa yeye. Huyu wa kwake wa damu, aliyengojewa kwa dua, amnyoe nani? Alikwishamwambia Maimuna kwamba siku hiyo atakuwa amesimama kwa miguu yake miwili, na Maimuna naye, kwa kumpenda baba yake, akaamini.

Basi walitoka kliniki siku ile hawasemezani. Ridhiwani alitembea mbele akiuburuta mguu, Warda nyuma na mfuko wa bandeji mpya. Walipofika nyumbani Warda akaanza.

"Wewe kuna unachokifanya. Haiwezekani."

"Sifanyi kitu."

"Unasimama nikiwa sikuoni. Unakwenda kule kibandani."

"Nani kakwambia nakwenda kibandani? Kibanda kimefungwa, funguo unazo wewe."

"Basi unakunjua miguu yako unakaa unaning'iniza, kama kawaida yako."

"Warda, niache," akasema Ridhiwani kwa sauti ya chini, akaingia chumbani kwake.

Angalau angegombana, Warda aliwaza. Mtu unayeweza kugombana naye unajua pa kumshika. Huyu alikuwa anaitikia naam, anatii kila kitu, na mguu unazidi kuoza. Warda alikwenda jikoni akakuna nazi kwa hasira mpaka akajikwaruza kidole. Alimkasirikia mume, akamkasirikia Dismas na bandeji zake, akaikasirikia hata ile miaka ya vichwa vya watu. Maimuna alipomwita aje amshike mtoto alimjibu vibaya, kisha akajuta.

Asubuhi chache baadaye, arobaini imeshakaribia, Warda alitaka mkeka mkubwa wa wageni. Ulikuwa umehifadhiwa nyuma ya mlango wa chumba cha uani. Alimsikia Ridhiwani akiswali alfajiri, na kwa kuwa siku zote baada ya swala alikuwa hatulii ndani, alidhani yuko barazani. Akausukuma mlango bila hodi.

Ridhiwani alikuwa amelala, tena fofofo, usingizi wa mtu aliyekesha na maumivu. Kichwa chake kilikuwa pale mlangoni, karibu na mkono wa Warda, juu kabisa, upande wa matofali. Miguu yake ilikuwa kule mchagoni, kwenye mteremko, imegandamana na ubao wa kitanda, na ule wenye bandeji umejaa hata vidole vimekuwa kama vya mtoto mnene. Kwanza Warda alidhani mtu kajigeuza usingizini. Kisha akauona mto. Mtu hajigeuzi na mto wake ukamfuata, tena ukiwa umenyooshwa vizuri.

Akasimama pale na mkeka mkononi. Mchana akiingia kufagia alikuwa akiukuta mto mchagoni, shuka imetandikwa, kila kitu mahali pake, kwa sababu Ridhiwani alikuwa mtu nadhifu. Kumbe wiki zote hizi, tangu mtoto azaliwe, mtu huyu alikuwa anainua kichwa na kuteremsha miguu. Yale matofali aliyoyaokota yeye kwa mikono yake yalikuwa yanaimwagia miguu damu usiku kucha.

"Baba Maimuna."

Ridhiwani akafumbua macho, akamwona, akaelewa papo hapo amekutwa. Akakaa kitako.

"Unalala hivi tangu lini?"

"Tangu uliponileta humu."

"Ukamwambia Dismas unalala juu ya matofali."

"Si nalala juu ya matofali? Aliuliza hivyo, nikajibu hivyo."

"Ridhiwani, una akili wewe? Miguu ndiyo iwe juu. Miguu. Mtoto wa chekechea angeelewa."

"Nimeelewa tangu siku ya kwanza," akasema Ridhiwani. Akanyoosha kidole mlangoni. "Kibla iko wapi?"

Warda akageuka kutazama mlango kana kwamba hajawahi kuuona. Kibla ilikuwa huko huko, mlangoni. Akakitazama kitanda, mchago ukutani, miguu mlangoni.

"Ulitaka nilale usiku mzima nimeinua miguu naielekeza huko?" akauliza mumewe. "Tena mmoja unavuja usaha? Kulala chali miguu imeelekea huko watu wanaweza wakavumilia, lakini kuinyanyua kabisa? Mimi sikuweza. Nilijaribu usiku mmoja, sikupata usingizi."

"Sheikh ungemuuliza, angekwambia mgonjwa ana ruhusa."

"Pengine angeniambia. Lakini si hilo peke yake. Baba alifia humu, unakumbuka. Alipoanza kukata roho mimi na Kadija ndio tuliomgeuza, tukamlaza chali, miguu kibla, tukamwekea mto uso uelekee. Sasa nilipolala vile, na mguu huu, na yale maneno ya rufaa, nikaona mmeniweka tayari. Nikageuka."

Warda akauegemeza mkeka ukutani. "Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nikwambie wewe?" akasema Ridhiwani, wala hakusema kwa ubaya. "Ungenisikiliza, au ungepiga kelele mpaka kwa jirani kwamba nakataa dawa?"

Hilo lilimwingia. Alijijua. Angepiga kelele, tena angemwita na Kadija aje kushuhudia. Mtu mzima kaona bora kidonda kimle kuliko kuusikia mdomo wa mkewe, na hapo hapo hasira zikamrudia upya, safari hii hakuwa na wa kumpa. Maana dawa yake ilikuwa kitu gani? Kuyatoa matofali upande huu na kuyapeleka upande ule. Basi. Kichwa mlangoni, miguu mchagoni, mchago uwe juu, na kibla isalimike. Wiki zote hizo za bandeji, kutembezwa na kunyimwa chumvi ziliharibiwa na kitu ambacho angeweza kukirekebisha kabla chai haijachemka.

"Ondoka hapo," akasema.

Ridhiwani akashuka. Warda akakiinua kitanda kwa bega, akasukuma matofali kwa mguu, akazunguka upande wa pili akayapanga tena chini ya mchago, akiguna kama mtu anayetwanga. Ridhiwani alitaka kusaidia, akaambiwa akae chini mguu ukiwa juu ya gunia. Kitanda kilipokaa sawa, Warda akaupiga mto makofi, akauweka mlangoni upande ulioinama.

"Haya, lala," akasema. "Na baba yako Mungu amrehemu, lakini yeye alilazwa kichwa kule. Wewe kichwa chako kiko huku."

Ridhiwani akalala. Akaipandisha miguu ikagusa ubao. Kisha akafumba macho. Warda akauchukua mkeka wake akatoka, akaenda kukaa jikoni peke yake mpaka Maimuna akamfuata kuuliza kuna nini.

Dismas alipoambiwa alivua miwani yake akaifuta ilhali haikuwa na uchafu. Alisema kwao hakuna mtu anayejali miguu imelala upande gani, na kuanzia leo kila mgonjwa atamuuliza kichwa kiko wapi na miguu iko wapi, tena amchoree. Rufaa akaisogeza mbele, waone kwanza kidonda kitasemaje sasa. Lakini hakuwadanganya. Hakitafunga kwa arobaini, alisema, wala kwa mwezi huu, kwa sababu muda waliopoteza wameupoteza. Na hata kikifunga, ile mishipa iliyolegea bado ipo, na bandeji au soksi ya kubana itakuwa mwenzake wa maisha mpaka atakapotibiwa mishipa yenyewe.

Siku ya arobaini Ridhiwani hakusimama. Alimnyoa mjukuu wake amekaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Wageni walipokuwa wanakaa, Kadija aliona mguu ule umeelekea kibla, akamnong'oneza kaka yake aushushe. Warda alimsikia.

"Asiushushe," akasema. "Mgeuzeni yeye na kiti chake."

Wakamgeuza, wanaume wawili, na kiti na stuli, na watu wote barazani wakalazimika kusogea kumfuata. Mtoto alipakatwa na Maimuna. Mkono wa Ridhiwani ulikuwa ule ule, mwepesi, na mtoto hata hakulia mpaka maji yalipomgusa. Watu walisema kinyozi ni yule yule. Lakini Warda alimwona alivyokuwa akijinyoosha kufika kisogoni, mahali ambapo siku zote alikuwa akizunguka kwa hatua moja tu, na alimwona Maimuna akitazama pembeni. Hilo lilimuuma kuliko kidonda chenyewe.

Alasiri wageni walipoondoka, na yeye arobaini yake ya kulala na mzazi imekwisha, Warda alikwenda chumba cha uani. Miguu yake ilikuwa inawaka moto, alisimama jikoni tangu kabla ya jua kuchomoza. Ridhiwani alikuwa amelala, kichwa mlangoni, miguu juu. Alimsogelea akajitupa kando yake namna ile ile, akalalamika kwamba kitanda hiki kitawaua wote kwa kizunguzungu, akanyoosha miguu yake juu ya mchago karibu na ile ya mumewe. Kanga ikateremka mpaka gotini.

Baadaye Warda akahisi Ridhiwani ameinua kichwa.

"Na huo?" akauliza.

"Upi?"

"Huo, hapo chini ya goti."

Warda akautazama. Ulikuwa wa buluu, umepinda, si mkubwa. "Huo wa siku nyingi," akasema.

Ridhiwani akakiegemeza kichwa chake kwenye mto. "Kesho tunakwenda wote kwa Dismas."

"Kesho nina vyombo vya watu vya kurudisha."

"Ndiyo," akasema Ridhiwani. "Mimi nilikuwa na vichwa vya watu."